Noti Iliyokwama kwenye Saksafoni ya Papa Mulamba

Vijana wangu, mliniuliza juzi namna ya kukata pedi za saksafoni, vile vifuniko laini vya matundu yake, kwa ngozi ya hapa kwetu, nami nikasema nitawaandikia ili msinisumbue tena wakati wa chai. Basi kaeni. Kwenye ngozi tutafika, lakini mkono wangu siku hizi ukishika kalamu hauendi njia iliyonyooka. Unakwenda unakotaka, nami naufuata nyuma taratibu. Mwenye haraka akatafute kitabu.

Mimi nilikuwa fundi wa ala za kupuliza mjini Lodwar. Nilipokuwa nikiwaambia watu kazi yangu walicheka, maana Lodwar ya zamani mtu mwenye saksafoni alikuwa adimu kuliko mtu mwenye mwavuli. Kwa hiyo nilitengeneza pia redio, cherehani, majiko ya mafuta, na mara moja meno ya bandia ya katekista mmoja ambaye sitamtaja. Lakini mkiniuliza mimi ni nani, mimi ni fundi wa saksafoni. Hayo mengine yalikuwa ya kununulia unga.

Na tuelewane kuhusu hili neno jazz. Sisi tukilisema hatuna maana ya muziki wa Wamarekani tu. Tunasema muziki wa bendi, ule wa magitaa matatu yanayosemezana, besi inayotembea chini yao bila haraka, ngoma, na mbele kabisa saksafoni na tarumbeta zinazong'aa. Wazee walikuwa wakianzisha bendi, wanaiita kwa jina la mji wao au la mto wao, halafu wanamalizia na Jazz, na hakuna aliyewauliza kibali. Mimi niliukuta muziki huo Kitale nikiwa msichana. Nilipelekwa huko kuuza ngozi za mbuzi kwa mshona viatu, na mlango wa pili alikuwapo mzee mmoja, Barasa, akijaribu saksafoni aliyokuwa ameitengeneza. Nilisimama na ngozi zangu kichwani hadi shingo ikakauka. Sijui kama nilisimama kwa dakika au kwa saa, maana sauti ile ilinichukua ikaniweka mahali ambapo sijawahi kwenda, mahali penye kivuli na maji. Barasa aliniona akadhani nimepotea. Akaniuliza nataka nini, nikamwambia nataka kujua sauti inatokea wapi.

Nilikaa kwake miaka mingi. Alikuwa mkali, akinigonga vidole kwa bisibisi kila niliposhika kitu kabla ya kukisikiliza. Aliniambia nipulize kwanza, nifunge macho, nitafute hewa inatoroka wapi, ndipo niguse. Ninyi mnapenda kufungua skrubu zote kisha mnabaki mnazitazama. Mnanitia uchungu.

Nimefanya makosa, tena ya kuchekesha. Niliporudi Turkana niliishiwa na gundi ya kubandikia pedi, nikaona mgunga nje ya nyumba umetoa utomvu mzuri, unaong'aa kama kioo cha chupa ya bia. Nikautumia. Ukashika sawasawa. Nikajisifu, nikasema wazungu wanatuuzia gundi bure na miti yetu inalia gundi kila siku. Saksafoni ile ikaenda kupigwa kwenye harusi Lokichar. Kumbe utomvu wa mgunga unayeyuka kwenye maji, na pumzi ya mpigaji ni maji matupu. Katikati ya wimbo wa bibi harusi pedi zikaanza kudondoka, moja hapa, moja pale, na kuku wa mwenyeji wakawa wanazikimbilia. Mpigaji alinitafuta wiki nzima. Nilijificha kwa dada yangu.

Kosa hilo nalisimulia nikicheka. Lingine nalisimulia kwa shida, nalo ndilo lenye ngozi mnayoniuliza.

Ilikuwa mwaka wa 2012, wakati habari za mafuta zilipofika huku, na magari meupe ya wakandarasi yakaanza kupita Lodwar kutwa. Hoteli zikaota. Kila mwenye hoteli akataka muziki wa jioni, na kijana mmoja aitwaye Ekal, mpiga gitaa wa kanisani kwetu, akaja dukani na gitaa lenye nyaya nne badala ya sita, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama Fundi?"

"Ejok noi. Nyaya mbili umekula?"

"Zilikatika. Lakini sikuja juu ya hiyo. Mathe, nimesikia mzee fulani Kakuma, kule kambi ya wakimbizi. Anapiga jazz ya kitambo, si hii ya kompyuta. Iko tu noma. Saksa yake ndio mbovu. Twende umwone."

Nilimwambia mimi nina kazi. Kesho yake tulikuwa juu ya lori la magunia ya unga, tumefunga vitambaa usoni, na barabara ya Kakuma inatutikisa mifupa. Jua la Turkana mnalijua. Saa nane mchana vitu vya mbali huacha kusimama chini. Milima inaelea, ngamia wanatembea juu ya maji ambayo hayapo, na ukitazama sana na wewe unaanza kuelea. Nilifika Kakuma nikiwa nusu usingizini, na nadhani sikuamka vizuri mwaka mzima uliofuata.

Papa Mulamba alikuwa Mkongo, mwembamba, mwenye kofia ya sufi katika joto lile. Saksafoni yake ilikuwa ile kubwa ya sauti nzito inayoitwa tena, rangi yote imebabuka, imeviringishwa ndani ya blanketi la watoto. Aliitoa Kongo siku ya kukimbia. Watu walibeba sufuria, yeye akabeba hiyo. Nilipoipuliza niliona hewa inatoroka kila upande.

"Mama," akaniambia, "hii iko mugonjwa, lakini haiyakufa. Unaweza?"

Nikamwambia naweza. Nilikuwa ninasema naweza kwa kila kitu siku zile.

Alikuwa amekusanya vijana, wakifanya mazoezi alasiri kwenye kingo za laga, mto wetu wa mchanga mtupu, pale kambi inapokaribiana na boma za watu wetu. Ekal akajiunga nao. Walikuwapo Wakongo wawili wa ngoma na besi, Mwethiopia mmoja wa gitaa, na msichana wa Sudan Kusini, Nyandeng, mrefu hata akikaa anaonekana amesimama. Walijiita Laga Jazz. Nyandeng alivuka mpaka pale Nadapal akiwa mgongoni kwa mama yake, na mama yake alikuwa akiuza chai sokoni. Papa Mulamba alimchagua kwa sababu moja tu. Alipita siku moja kununua chai akamwona anapuliza makaa ya jiko kwa pumzi moja, ndefu, isiyotetemeka, mpaka moto ukakubali. Akamwuliza kama anataka kupuliza kitu kingine.

Papa hakufundisha kwa karatasi. Kila sehemu ya wimbo ilibidi uimbe kwa mdomo kwanza, huku unatembea mchangani kwenda na kurudi, hatua zako ndizo ngoma. Ukikosea hatua, unarudi mwanzo. Niliwaona vijana wakubwa, wengine na ndevu, wanatembea kwenye laga kavu wanaimba "ta-ra-ri" kama wamechanganyikiwa, na wachungaji wetu wa Lopur wamesimama juu kwenye kingo na fimbo zao, wanatazama bila kupepesa. Baada ya majuma machache wachungaji nao walianza kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa nakaa chini ya kivuli na bisibisi zangu, najidai nasikiliza sauti ya vitufe, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naota mchana. Vumbi lilikuwa linapanda dhahabu, magitaa yanazungumza taratibu, mbuzi wanapita katikati ya bendi hakuna anayewafukuza. Kama kuna mahali ambapo nimefurahi katika maisha yangu, ni pale.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Papa aliuficha hadi mwisho wa kila mazoezi. Aliutunga kwa ajili ya harusi yake. Mkewe aliitwa Feza, na Feza alibaki njiani wakati wa kukimbia, alizikwa kando ya barabara ambayo Papa hakuijua jina. Wimbo ule hauna maneno. Unaanza chini, unazungukazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo, halafu katikati unapanda na kufika kwenye noti moja ambapo huzuni yote inageuka. Noti ile moja ikikosekana, wimbo unabaki na huzuni mpaka mwisho. Papa alikuwa akiipiga, anafunga macho, na vijana wote wanaacha kutafuna walichokuwa wakitafuna.

Mwaka wa 2013 jina lake likatokea kwenye ubao wa matangazo. Alikuwa amengoja kupelekwa ng'ambo kwa miaka mingi, na sasa ilikuwa imebaki kama majuma mawili. Watu walimpongeza. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawaita vijana.

"Miye ninaenda," alisema. "Saksa, sijui. Siwezi kuiacha kwa mutu hajui kumaliza wimbo wa Feza. Itakuwa chuma tu, watauzisha. Siku ya kuagana, Nyandeng atapiga. Akimaliza muzuri, saksa ni yake, ni ya bendi. Akishindwa, nitaenda nayo. Hata kule nitakufa nayo."

Kambi nzima hakukuwa na saksafoni nyingine, na Lodwar wakati huo haikuwapo hata moja. Saksafoni ikiondoka, Laga Jazz ingebaki magitaa na ngoma tu, na Nyandeng angerudi kupuliza jiko. Nilimwona anatazama vidole vyake kama anavihesabu.

Papa akanipa ile saksafoni nikaifanye upya, pedi zote. Hapa sasa ndipo penye ngozi, kwa hiyo shikeni.

Pedi za dukani nilikuwa nimeagiza Nairobi, hazikufika. Nikaamua kutumia ngozi ya mwanambuzi, tena aliyekufa mchanga, maana ya mbuzi mzima ni nene. Loweka usiku mmoja, kwangua kwa kipande cha chupa hadi uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Anika kivulini. Ukianika juani itakunjamana kama uso wangu. Ndani weka kitambaa cha blanketi la sufi kilichokatwa mduara, nyuma yake kadibodi ngumu, ngozi ifunike mbele, uzi ufunge nyuma. Bandika kwa lakiri, ile ya kuyeyusha kwa moto, na siyo utomvu wa mgunga, mmeshasikia. Kisha ujaribu kwa ukanda wa karatasi nyembamba: bana karatasi chini ya pedi, ivute, ikitoka bila kukwama hata kidogo, hewa nayo itatoka.

Yangu ilitoka. Ngozi ilikuwa kavu mno, haikai vizuri kwenye tundu. Nikakumbuka mama yangu. Kwetu kazi ya ngozi ni ya wanawake, na mama alikuwa analainisha ngozi ya kuvaa kwa mafuta ya mkia wa kondoo, anaisugua kwa viganja siku nzima anaimba, hadi ngozi inalala mkononi kama kitambaa. Nilizijua zile nyimbo kabla sijajua kutembea. Nikachukua mafuta ya mkia, nikapaka kidogo kila pedi, nikasugua kwa kidole gumba, nikiimba nilivyosikia mama akiimba. Nilijisikia nimeunganisha Barasa na mama yangu katika kitu kimoja. Asubuhi kukiwa na ubaridi nikajaribu. Karatasi ikabanwa sawasawa. Nikapuliza, sauti ikatoka nene, nzuri. Nikafunga duka nikaenda Kakuma na kifua mbele.

Ninyi mmeshaona kosa, au mmesinzia? Nilijaribu asubuhi.

Siku ya kuagana ilikuwa alasiri, ndani ya kanisa la mabati kambini. Bati limekula jua tangu asubuhi, watu wamejaa mpaka madirishani, wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria. Papa Mulamba alikaa mbele, kofia yake kichwani, begi la safari miguuni. Mama yake Nyandeng alikuwa amefunga kibanda chake cha chai. Laga Jazz wakaanza na nyimbo za kucheza, na watu wakacheza, Wasudan wanaruka, Wakongo wanazungusha kiuno, watu wetu wanagonga chini kwa kisigino, kila mtu kwa mtindo wa kwao lakini ngoma ni moja. Nami nikawa nasikia kitu kisichonipendeza. Kila kitufe kilipofunguka kilitoa sauti ndogo, chwa, chwa, kama mtoto anayekula uji.

Mafuta yalikuwa yameyeyuka.

Vitufe vingi vya saksafoni vinakaa wazi, springi yake ina nguvu, vikinata kidogo vinajing'oa. Lakini kipo kimoja, cha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho kinakaa kimefungwa siku zote na springi yake ni dhaifu. Ukibonyeza, wewe hukiinui. Unaiachia tu springi ifanye kazi. Pedi ikinata, springi inashindwa, kitufe kinabaki kimelala. Na noti ya Feza, ile inayogeuza wimbo, inatoka kwenye kitufe hicho hicho.

Ekal akaanza wimbo taratibu kwa gitaa. Nyandeng akaingia. Alipiga sehemu ya kwanza vizuri hata kina mama wakaacha kujipepea. Akapanda. Akafika pale. Akabonyeza, na badala ya noti ikatoka ile ya chini yake, sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Watu wakacheka kidogo.

Nilijua ni mimi. Nilijua wakati ule ule, kabla hata yeye hajatazama kidole chake. Nilipaswa kusimama na kusema. Na sikusimama. Nitawaambia ukweli kwa sababu sina tena duka la kulinda: niliogopa jina langu. Nikasema moyoni labda mara ya pili kitafunguka. Nikamwacha mtoto wa watu asimame peke yake mbele ya kambi nzima na kosa langu mikononi. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Magitaa yakazunguka, kama kawaida ya wimbo ule, ili saksafoni irudi tena. Nyandeng alipata nafasi ya kukitazama kitufe. Akakiinua kwa kucha, kikafunguka, akakiachia, kikanata tena. Akanitafuta kwa macho kule nilikokaa. "Mama Fundi," akasema, si kwa sauti kubwa, "hii batani imekataa."

Hapo ndipo niliposimama. Nilisimama nikapiga kelele katikati ya kanisa, "Si yeye! Ni mimi! Ni mafuta ya kondoo!"

Nusu ya watu hawakuelewa, nusu wakadhani nimepandwa na pepo. Papa Mulamba hakugeuka. Akainua mkono mmoja tu.

"Ikala chini, Mama. Miye najua. Toka asubuhi hii saksa inanuka kondoo, nilifikiri wamepika nyama ndani." Watu wakacheka, Papa hakucheka. Akamwambia Nyandeng, "Saksa muzima kila mutu anapiga. Endelea."

Nikamchukia kwa dakika ile. Alijua, na akamwacha. Lakini na mimi nilijua, na nikamwacha, kwa hiyo sikuwa na mdomo.

Nyandeng akaweka saksafoni mdomoni. Akazunguka chini, akitafuta ule ufunguo, polepole kuliko mara ya kwanza. Akapanda. Alipofika pale hakubonyeza. Aliacha. Akasimama na pumzi yake imejaa kifuani, magitaa yanaendelea chini, na noti haipo, nafasi yake imebaki wazi kama mlango. Kisha akaendelea na iliyofuata. Ilikuwa kimya kifupi tu, lakini nilihisi watu wote wamevuta pumzi pamoja naye.

Mara ya tatu alipoifikia ile nafasi, mama mmoja nyuma aliiimba. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anaishi karibu na laga, na alikuwa ameusikia wimbo ule kila alasiri akichota maji. Aliiimba noti yenyewe, palepale ilipotakiwa, bila aibu. Mara ya nne wakaimba wengi. Mara ya tano kanisa zima, na bati likatetemeka, na Papa Mulamba akavua kofia yake ya sufi akajifunika nayo uso.

Wimbo ulipoisha hakupiga makofi. Alisimama, akachukua lile blanketi la watoto kwenye begi lake, akamfunga Nyandeng nalo mabegani pamoja na saksafoni, kama anavyofungwa mama aliyejifungua. "Njo hivyo," alisema. Jumatatu ndege ikamchukua, na mwendo wa kurudi Lodwar nililia njia nzima ndani ya kitambaa changu cha vumbi, Ekal akijifanya haoni.

Pedi za Nairobi zilikuja juma lililofuata, hivyo ndivyo vitu hufanya. Nikaichukua saksafoni kwa Nyandeng, nikabadilisha zote, nikaosha mafuta kwa spiriti, na mara hii nikaijaribu saa nane mchana juu ya paa la duka. Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote: kazi ijaribiwe saa ile itakayotumika. Nikampelekea Nyandeng saksafoni, nikamwonyesha kitufe kinafunguka kama kope.

"Asante, Mama Fundi," akasema. Akaupiga wimbo wa Feza, na alipofika pale, akaacha.

"Kitufe ni kizima," nikamwambia.

"Najua. Lakini hapo sasa ni ya watu. Nikipiga mimi, wao wataimba wapi?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia huo ni wimbo wa mtu, si wa kukatakata, na kwamba Barasa angemgonga vidole. Nikasema mimi ndiye niliyeuharibu na nataka nione umepona. Alinisikiliza kwa heshima zote, akanimiminia chai, na hakubadilisha kitu. Vijana wa Lodwar, wale ambao Ekal alikuwa anawafundisha hotelini na kanisani, walijifunza wimbo pamoja na ile nafasi. Hawakujua kwamba pale palikuwa na noti. Ningewaambia, wangenishangaa.

Kilichonitesa ni Papa. Nilijua siku moja atausikia, na nilijua atakachosema.

Alipiga simu mwishoni mwa mwaka ule. Tulikuwa kwenye kingo za laga, mazoezi yamekwisha, jua limelegea na vumbi limetulia. Nyandeng akaweka simu juu ya debe, akafungua spika. Sauti ya Papa ilikuwa nyembamba, inakwenda na kurudi. Alisema kule ni baridi, amevaa koti ndani ya nyumba, na jirani zake hawasalimiani. Aliuliza majina ya watu wote mmoja mmoja, hata ya mbuzi fulani. Kisha akasema, "Nipigiyeni ya Feza."

Nilitaka kumwomba Nyandeng, leo tu, kwa ajili ya mzee, aipige noti. Nilifungua mdomo. Akanitazama, nikaufunga.

Ekal akaanza. Nyandeng akaingia chini, akazungukazunguka, akapanda. Wenzake walikuwa tayari kuimba ile nafasi kama walivyozoea, lakini akawainulia kiganja wanyamaze. Akafika pale, akaacha.

Simu ilikuwa kimya. Nikafikiri salio limekwisha, nikafikiri amekasirika, nikafikiri yote yale ambayo mtu mwenye hatia hufikiri. Halafu kutoka juu ya debe, kwa mbali, Papa Mulamba akaiimba. Sauti ilikuwa imechoka na ilitetemeka kidogo, lakini alikuwa juu ya noti hasa, na Nyandeng akampokea hapo hapo akaendelea, kama vile walikuwa wamekaa ndoo kwa ndoo.

Walikwenda hivyo mpaka mwisho, kila mzunguko yeye na noti yake, sisi wengine tumeshika midomo. Ulipoisha tulimsikia anapenga kamasi.

"Tena," akasema. "Na musikimbie pale mwisho."

Nyandeng akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akalowesha mwanzi wa kupulizia kwa ulimi, akaanza tena.